Nenosiri ni sahihi, diski haifunguki: kisa cha GRUB iliyo ndani ya chipu

Kompyuta ya kisa hiki ni ThinkPad X200, laptopu ya mwaka 2008. Wapenzi wa fimwea huria (fimwea ni programu ya msingi inayoiamsha kompyuta) bado wanaitafuta kwa sababu moja kubwa: inatoka katika kizazi cha mwisho cha mashine za Intel ambazo Management Engine yake (kidhibiti cha Intel kinachojiendesha chenyewe ndani ya mashine) inaweza kuondolewa yote kwenye chipu ya fimwea na kompyuta ikaendelea kufanya kazi. Mwenye nayo alikuwa ameshaondoa BIOS ya kiwandani na kuweka coreboot, fimwea huria inayochukua nafasi yake, na baada ya coreboot kuamsha kumbukumbu na vifaa, kazi inashikwa na GRUB, programu inayopakia mfumo wa uendeshaji, ambayo nayo imo ndani ya chipu hiyohiyo. Kwenye diski kulikuwa na Debian 12, mfumo wa Linux, iliyosimbwa kwa LUKS, njia ya kawaida ya Linux ya kusimba diski.

Alichotaka kinaeleweka. Debian inaposakinishwa kwa njia ya kawaida, hata ukichagua kusimba diski nzima, inabaki patisheni moja ndogo iliyo wazi, yaani /boot. Humo mna kerneli (kiini cha mfumo) na initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia unaoandaa diski kabla ya mfumo mkuu kuwaka). Yeyote atakayeshika laptopu kwa dakika chache anaweza kuitoa diski, kubadilisha initramfs hiyo ili inase nenosiri, na kuirudisha diski kimya kimya. GRUB ikiwa ndani ya chipu, hakuna tena haja ya kuacha kitu wazi kwenye diski. Kwa hiyo alinakili /boot ndani ya patisheni iliyosimbwa, akafuta ile ya zamani, akazima na kuwasha.

GRUB ikauliza nenosiri. Akaliandika. Skrini ikajibu: «Invalid passphrase». Akaliandika polepole, herufi kwa herufi, jibu likawa lile lile.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza data. Ujumbe unasema nenosiri si sahihi, na mtu aliyetoka kuhamisha /boot kwa mikono yake anaanza kujishuku: pengine nimeharibu kichwa cha LUKS (sehemu ya mwanzo ya patisheni inayohifadhi funguo), pengine nilipofuta patisheni ndogo niligusa na kubwa. Kutoka kwenye shaka hiyo hadi kusakinisha upya ni hatua fupi sana. Katika kisa hiki data yote ilikuwa salama, nenosiri lilikuwa sahihi, na kichwa cha LUKS hakikuwa na kasoro yoyote. Kilichokuwa na upungufu ni msomaji.

Nani anaisoma diski kwanza

Mambo mengi kwenye kisa hiki yanaeleweka ukijua ni programu ipi inayopokea nenosiri lako. Katika usakinishaji wa kawaida, GRUB haigusi usimbaji hata kidogo. Inachukua kerneli na initramfs kutoka /boot iliyo wazi, inazipakia, na kazi yake imekwisha. Anayekuuliza nenosiri ni cryptsetup, programu ya Linux ya kusimamia LUKS, iliyo ndani ya initramfs, na cryptsetup ndiyo hiyohiyo iliyoandika kichwa cha diski siku ya usakinishaji. Mwandishi na msomaji ni mmoja, kwa hiyo hawawezi kutoelewana.

/boot ikiingia ndani ya usimbaji, msomaji wa kwanza anakuwa GRUB. Nayo haitumii msimbo wa cryptsetup. Ina msimbo wake yenyewe wa LUKS, ulioandikwa kando, na msimbo huo umekuwa ukifuata nyuma. Kwa miaka mingi GRUB ilijua LUKS1 tu. LUKS2 iliingia katika toleo la 2.06, Juni 2021, lakini ikiwa na pengo: iliweza kufungua nafasi za ufunguo (kila moja hufunguka kwa nenosiri lake) zinazotumia PBKDF2 pekee, njia mojawapo ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo. Toleo la 2.12 la Desemba 2023 lilitoka na pengo hilohilo.

Upande wa pili, cryptsetup haikusubiri. Tangu toleo la 2.1.0 la mwaka 2019, LUKS2 ndiyo chaguo-msingi, na nafasi za ufunguo za LUKS2 zinatengenezwa kwa Argon2, njia mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, kwanza Argon2i na baadaye Argon2id. Debian ilifuata kuanzia toleo lake la 10. Kwa hiyo mtu akisakinisha Debian 12 bila kugusa chochote, anapata ufunguo ambao GRUB ya matoleo hayo, isiyofanyiwa marekebisho, haiwezi kuuhesabu.

Uamuzi wa Debian ulikuwa mzuri, tusiulaumu. Ukiandika nenosiri, halitumiki lenyewe kufungua diski. Hupitishwa kwanza kwenye hesabu nzito inayozalisha ufunguo halisi, ili anayebahatisha maneno alipe gharama kwa kila jaribio. PBKDF2 inapata uzito huo kwa kurudia hesabu ileile mara nyingi sana, ila haihitaji kumbukumbu ya maana, na kadi za picha za kisasa zinaweza kuendesha majaribio maelfu kwa wakati mmoja. Argon2, iliyoshinda shindano la Password Hashing Competition mwaka 2015, inadai pia kumbukumbu: kwa kila jaribio, cryptsetup inaweza kuitisha hadi gibibaiti moja. Kadi ya picha yenye kumbukumbu ya gibibaiti chache inabaki na nafasi ya majaribio machache tu kwa pamoja. Tofauti hii ni kubwa mno kwa mtu mwenye nenosiri la wastani.

Uchunguzi

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kibodi, na ni haki kumshuku. GRUB ya kwenye chipu husoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, isipokuwa aliyeijenga aliweka mwingine. Mtu aliyechagua nenosiri lake akiwa na mpangilio wa Kijerumani anaandika y, GRUB inapata z. Kwa mpangilio wa Kifaransa a inakuwa q. Alama kama @ na mistari ya kuunganisha huhama karibu kila mpangilio. Na kwa kuwa GRUB haionyeshi unachoandika, huwezi kuona kosa. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kwenda kwenye dirisha la amri la GRUB kwa kubonyeza c na kuandika nenosiri pale wazi, ukiwa peke yako, halafu kulifuta. Herufi zilitoka sawasawa. Mshukiwa akaachiwa.

Kisha mimi na mwenye mashine tukatafuta shahidi wa pili. Laptopu iliwashwa kwa mfumo wa muda kutoka kwenye flashi ya USB, na cryptsetup ikaulizwa moja kwa moja bila kufungua chochote:

cryptsetup open --test-passphrase /dev/sda5

Ilikubali mara moja. Amri hii naipenda kwa sababu haibadilishi kitu: inajaribu nenosiri na kurudi. Tangu hapo tulijua kichwa ni kizima, nenosiri ni sahihi, na kwamba kusakinisha upya kungekuwa kuangamiza data bila sababu.

Kabla ya kuendelea tulichukua nakala ya kichwa na kuiweka kwenye chombo kingine:

cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda5 --header-backup-file kichwa-sda5.img

Kichwa cha LUKS2 kwa kawaida kina mebibaiti 16, na ndani yake ndimo zilimo nafasi zote za ufunguo. Kikiharibika bila nakala, hata mwenye nenosiri hana la kufanya. Lakini nakala hiyo nayo ni ya siri. Ukibadilisha nenosiri leo, nakala ya jana bado inafunguka kwa nenosiri la jana, na mtu mwenye nakala hiyo pamoja na diski yako anaingia. Watu wengi hawalifikirii hili wanapoiacha nakala kwenye folda ya vipakuliwa.

Sasa swali likabaki moja: GRUB inaona nini? GRUB ina njia ya kueleza inachofanya, ila lazima iombwe. Kwenye dirisha lake la amri:

set pager=1
set debug=luks2
cryptomount ahci0,msdos5

Jina ahci0 huwashangaza waliozoea hd0. Kwenye mashine ya kawaida GRUB huomba diski kwa BIOS, na BIOS huipa namba. Hapa hakuna BIOS ya kuombwa. GRUB inaendesha kidhibiti cha SATA yenyewe, kwa hiyo diski inaitwa kwa jina la kidhibiti. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa kwa hd0, na anayeyanakili kama yalivyo anaishia kwenye kosa la diski isiyokuwepo.

Baada ya nenosiri, mistari ya uchunguzi ikapita, na katikati yake yakawemo maneno tuliyokuwa tukiyatafuta: «Argon2 not supported». Kisha, mwishoni, ule ujumbe wa zamani wa nenosiri batili.

Ni vema kueleza kwa nini GRUB inasema hivyo. Inapitia nafasi za ufunguo moja baada ya nyingine. Ikishindwa na moja, kwa sababu yoyote ile, inaandika sababu kwenye mistari ya uchunguzi na kwenda kwenye inayofuata. Ikimaliza zote bila kupata ufunguo, inahitimisha kwamba nenosiri ndilo baya. Kwa mpangilio huo, «sijui kuhesabu hiki» na «umekosea neno» vinatoka mdomoni mwake kwa sentensi moja. Huu ni upungufu wa kweli wa programu, na unastahili kusemwa waziwazi, kwa sababu gharama yake inalipwa na mtu aliyeketi mbele ya skrini akiamini amepoteza kila kitu chake.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwenye mfumo wa muda:

cryptsetup luksDump /dev/sda5

Nafasi namba 0 ilikuwa na mstari «PBKDF: argon2id». Hapakuwa na nafasi nyingine.

Njia tatu

Ya kwanza ni kurudisha /boot nje ya usimbaji. Inafanya kazi, lakini inafuta sababu yote ya kuweka GRUB kwenye chipu. Tuliiacha.

Ya pili ni kubadilisha GRUB ya kwenye chipu. Mradi wa Libreboot, unaotoa coreboot iliyojengwa tayari, tangu mwaka 2023 umekuwa ukiiongezea GRUB yake uwezo wa Argon2 kwa viraka ambavyo havikuwa kwenye GRUB rasmi. Hili ndilo suluhisho la kudumu, kwa kuwa ulinzi wa Argon2 unabaki. Lakini ni kuandika upya chipu ya fimwea, na huo si mkono wa kuchezwa ukiwa na diski ambayo hujathibitisha kwamba inafunguka. Makosa mawili yakikutana, hutajua lipi ni lipi.

Ya tatu ni kuupa mfumo nafasi ya ufunguo ambayo GRUB iliyopo inaielewa. Tukaanza na hii, kwa nia ya kuiondoa baadaye.

Wengi katika hatua hii hutumia luksConvertKey, inayogeuza nafasi iliyopo kutoka Argon2id kwenda PBKDF2. Mimi napendelea kuongeza nafasi mpya na kuiacha ya zamani mahali pake:

cryptsetup luksAddKey --pbkdf pbkdf2 /dev/sda5

Kitu kikikwama katikati, njia ya zamani bado iko. Ila kuna mtego. Diski yenye nafasi mbili ina nguvu ya ile iliyo dhaifu. Ukitumia nenosiri lilelile kwenye nafasi zote mbili, Argon2id haikulindi tena: mshambuliaji ataichagua PBKDF2, atalipata neno huko, basi. Kwa sababu hiyo nenosiri la nafasi mpya lilikuwa tofauti na refu zaidi. Orodha ya maneno ya EFF ina maneno 7,776, na kila neno linalochaguliwa kwa dadu linaongeza karibu biti 13. Maneno sita yanafika biti 77. Kwa urefu huo hata PBKDF2 inatosha kuwachosha wenye kadi nyingi za picha. Na maneno yawe ya herufi ndogo bila alama, ili mpangilio wa kibodi usije ukawa tatizo tena.

Mashine ikawashwa upya. Nenosiri jipya likaandikwa, kisha kimya. Kimya kile kinatisha usipokitarajia. Cryptsetup hupima kasi ya prosesa na kuchagua idadi ya mizunguko itakayochukua kama sekunde mbili ndani ya Linux. GRUB inafanya hesabu ileile kwa msimbo sahili usiotumia mbinu za kuharakisha za prosesa, kwa hiyo sekunde mbili za Linux hugeuka kuwa nyingi zaidi. Asiyejua hili huzima mashine akidhani imeganda. Ukitaka kupunguza muda unaweza kutoa --iter-time yenye idadi ndogo ya milisekunde unapoongeza ufunguo, mradi nenosiri lenyewe liwe na nguvu ya kufidia. Hapa tulisubiri tu, na hatimaye mstari ukatokea: nafasi namba 1 imefunguliwa.

Diski imefunguka, mfumo hauwaki

Baada ya hapo GRUB ikasoma grub.cfg, faili ya mipangilio ya menyu yake, iliyoikuta ndani ya diski, na ikalalamika kwamba hakuna kifaa chenye UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) fulani wala faili ya kerneli. Tatizo hili halina uhusiano wowote na usimbaji.

Faili ya grub.cfg ilitengenezwa wakati /boot ilikuwa patisheni inayojitegemea. Ndani yake mna amri ya kutafuta patisheni kwa UUID, na UUID hiyo ilikuwa ya patisheni iliyofutwa. Njia za kerneli nazo zilianza na /vmlinuz-6.1 na kuendelea, kwa sababu kwenye patisheni ya /boot kerneli hukaa kwenye mzizi. Sasa kerneli imo kwenye /boot ya mfumo mkuu, hivyo njia imebadilika. Kunakili faili kulihamisha maelekezo ya zamani bila kuyasahihisha. Amri ya update-grub ndiyo ingeyaandika upya, na haikuwa imeendeshwa.

Lakini huwezi kuiendesha mfumo ukiwa haujawaka. Hapa GRUB inaonyesha uzuri wake: unaweza kuwasha kwa mkono. Amri ya ls ilionyesha (crypto0), kisha (lvm/kazi--vg-root). Kistari mara mbili (--) si kosa la kuandika. Kundi la LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski) liliitwa kazi-vg, na GRUB huongeza kistari cha pili kila inapokuta kistari ndani ya jina, ili isichanganye na kile kinachotenganisha kundi na sehemu yake. Basi:

set root=lvm/kazi--vg-root
linux /vmlinuz root=/dev/mapper/kazi--vg-root ro
initrd /initrd.img
boot

Debian huweka kwenye mzizi wa mfumo viungo vya vmlinuz na initrd.img vinavyoelekea kwenye kerneli ya karibuni, kwa hiyo huhitaji kukumbuka namba ya toleo. Mfumo uliwaka, cryptsetup ya ndani ya initramfs ikauliza nenosiri kwa mara ya pili, na Debian ikafunguka ikiwa na kila faili mahali pake. Mstari wa /boot ulifutwa kwenye /etc/fstab, orodha ya patisheni za kuunganishwa, update-grub ikaendeshwa, na kuanzia hapo menyu ikafanya kazi bila kuandikiwa.

Jambo dogo la kuongeza: kwenye mashine ya namna hii huhitaji grub-install, kwa kuwa GRUB inayowasha haiko kwenye diski. Debian ina hata pakiti ya grub-coreboot kwa ajili ya mpangilio huu. Unachohitaji kutoka kwenye diski ni grub.cfg tu.

Nenosiri mara mbili

Kuuliza mara mbili si hitilafu. GRUB imefungua diski kwa ajili yake, ikasoma kerneli, ikaiachia mashine. Ufunguo haukupelekwa popote. Kerneli inaanza upya bila kujua kwamba kuna aliyefungua kabla yake.

Wapo wanaoishi na hali hii. Mimi nadhani ni mbaya kwa usalama pia, kwa sababu mtu anayelazimishwa kuandika maneno sita mara mbili kila asubuhi atayafupisha. Suluhisho lililozoeleka ni faili ya ufunguo ndani ya initramfs:

mkdir -m0700 /etc/keys
( umask 0077 && dd if=/dev/urandom bs=1 count=64 of=/etc/keys/mzizi.key conv=excl,fsync )
cryptsetup luksAddKey /dev/sda5 /etc/keys/mzizi.key

Kwenye /etc/crypttab, orodha ya diski zilizosimbwa, neno none linabadilishwa na njia ya faili hiyo. Kwenye /etc/cryptsetup-initramfs/conf-hook unaandikwa mstari KEYFILE_PATTERN="/etc/keys/*.key", na kwenye /etc/initramfs-tools/initramfs.conf unaandikwa UMASK=0077. Kisha update-initramfs -u. Huo mstari wa UMASK watu huuruka, na bila huo initramfs inasomeka na kila mtumiaji wa mfumo, kumaanisha kila mtumiaji anaweza kuuchomoa ufunguo wa diski nzima. Angalia kwa macho yako baada ya kumaliza:

stat -L -c "%A %n" /initrd.img
lsinitramfs /initrd.img | grep keyfiles

Ya kwanza ionyeshe ruhusa za mwenye faili pekee. Ya pili ionyeshe kwamba ufunguo umo.

Je, si hatari kuweka ufunguo kwenye diski unayoifungua kwa ufunguo huo? Hapana, maadamu initramfs imo ndani ya usimbaji. Anayeweza kuisoma ameshafungua diski. Lakini «maadamu» hiyo ina uzito wote. Siku mtu akirudisha /boot kwenye patisheni iliyo wazi, au akinakili initrd.img kwenye flashi kwa ajili ya uokoaji, ufunguo wa diski unatoka nje bila nenosiri lolote. Kwenye mashine hii tuliacha maelezo hayo ndani ya crypttab yenyewe, kama maoni juu ya mstari, kwa kuwa hapo ndipo anayebadilisha mpangilio atakapopita.

Kuandika upya chipu

Diski ilipokuwa inawaka kila mara bila kusitasita, ndipo tulipogeukia fimwea. Nakala ya kilichokuwemo kwenye chipu ilisomwa kwanza kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, mara mbili, na faili mbili zikalinganishwa hadi zikawa sawa. Kwenye X200 uandishi wa kwanza kabisa, ule wa kuondoa BIOS ya kiwandani, unahitaji klipu juu ya chipu na kifaa cha nje cha volti 3.3, kwa sababu BIOS hiyo imefunga njia ya ndani. Coreboot ikishaingia, njia ya ndani hufunguka, isipokuwa mwenyewe uifunge. Ila kerneli za Linux za siku hizi zinazuia programu kugusa kumbukumbu ya vifaa, na kwa hiyo mfumo uliwashwa mara moja kwa kigezo iomem=relaxed, chipu ikaandikwa, kisha kigezo kikaondolewa.

Kabla ya kuandika ni lazima kuangalia sehemu ya GbE kwenye picha mpya ya fimwea. Ni kilobaiti 8 tu, lakini humo mna anwani ya MAC (kitambulisho cha kwenye mtandao) ya kadi ya waya. Picha zinazopakuliwa huwa na anwani ya jumla, na mashine mbili zenye anwani moja kwenye mtandao mmoja zitasumbuana hadi mtu apoteze siku akitafuta chanzo. Anwani ya awali ilirudishwa kwenye picha kabla ya kuandikwa.

GRUB mpya ilisoma Argon2id. Nenosiri la kwanza kabisa, lile lililoambiwa ni batili, lilifungua nafasi namba 0. Kuna sharti la kumbukumbu hapa: GRUB inapaswa kupata kiasi chote ambacho ufunguo uliandikiwa, na diski iliyoundwa kwenye mashine yenye kumbukumbu kubwa kisha ikahamishiwa kwenye ndogo inaweza kugoma. Dawa yake ni luksConvertKey ikiwa na --pbkdf-memory ya kiwango cha chini zaidi. Kwenye X200 hii haikuhitajika.

Yasiyofunikwa

Usimbaji wa kila kitu kwenye diski unahamishia swali kwenye chipu. Shambulio ambalo Joanna Rutkowska aliliita «evil maid» mwaka 2009, la mtu anayefika kwenye kompyuta yako mara mbili wakati haupo, halijafutika, limepandishwa gharama. Badala ya kubadilisha faili kwenye patisheni iliyo wazi, mshambuliaji atalazimika kufungua kifuniko na kubana klipu kwenye chipu, au kupata mamlaka ya mzizi kwenye mfumo ulio hai na kuandika kwa njia ya ndani. GRUB inaweza kujengwa na ufunguo wa umma wa GPG (programu ya sahihi za kidijitali) na kuwekewa check_signatures=enforce, ikatae kerneli isiyo na sahihi, na hilo ni la maana dhidi ya mtu aliyebadilisha kitu kwenye diski. Halisemi lolote dhidi ya aliyebadilisha GRUB yenyewe. Mradi wa Heads, ulioanzishwa na Trammell Hudson, unalishughulikia kwa kupima fimwea kupitia TPM, chipu ya usalama, na kumwonyesha mwenye mashine kama kipimo kimebadilika. Kwa mtu ambaye adui yake ni mwizi wa laptopu, mpangilio wa kisa hiki unatosha. Kwa mwandishi wa habari anayeacha kompyuta kwenye chumba cha hoteli, ningemwelekeza Heads bila kusita.

Mwenye X200 alichagua kufunga uandishi wa chipu na kupaka rangi ya kucha yenye vumbi la kumeta juu ya skrubu za kifuniko, akazipiga picha. Hatua ya mwisho kwenye diski ilikuwa kuiondoa nafasi ya PBKDF2, baada ya kuthibitisha kwamba namba 0 inafunguka kutoka kwenye GRUB na kutoka kwenye mfumo wa muda:

cryptsetup luksKillSlot /dev/sda5 1

Zikabaki nafasi mbili, ya nenosiri na ya faili ya ufunguo. Nakala mpya ya kichwa ikachukuliwa, na zile za awali zikafutwa zote mbili: ya mwanzo pamoja na iliyochukuliwa katikati, ambayo bado ilikuwa na nafasi ya PBKDF2 ndani yake.